Kilimo cha Parachichi katika Nyanda za Juu za Kibondo na Kasulu

Mparachichi una asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na jamii zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ya milima ya Meksiko: matunda yake ni madogo, ganda lake ni jembamba, na mti uliokomaa huweza kustahimili nyuzi 6 hivi chini ya sifuri kwa saa chache. Ya pili ni ya milima ya Guatemala, yenye matunda ya ganda gumu. Hii hustahimili nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Ya tatu ni ya nyanda za chini zenye joto, maarufu kwa matunda makubwa yenye majimaji na mafuta kidogo. Jamii hiyo haihimili baridi, na majani yake huungua mara tu umande unapoganda.

Sehemu kubwa ya wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko iko kati ya mita 1,200 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko mita 773. Joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, shamba lililo mita 1,500 lina baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi kuliko Ujiji, ulio kando ya ziwa hilo. Baridi hiyo haiui mti. Inachofanya ni kuchelewesha tunda kukomaa na kupunguza maua yanayoshika. Zaidi ya hayo, kipupwe cha Buha, kama nyanda hizi zinavyoitwa, kinakuja pamoja na kiangazi: kuanzia Juni hadi Septemba mti mchanga unapigwa na baridi ya usiku huku udongo umekauka. Kwa hiyo mambo matatu ndiyo yanayoamua kama mti utazaa vizuri: aina iliyopandwa, mahali ulipopandwa, na maji ya miaka miwili ya mwanzo.

Aina za kupanda

Hass ndiyo aina inayotawala soko la dunia. Mti wake wa kwanza uliota California katika shamba la Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Damu yake ni mchanganyiko wa ya Guatemala na ya Meksiko. Ganda lake nene hugeuka kutoka kijani kuwa jeusi linapoiva, na tunda husafiri mbali bila kuchubuka. Wakulima wa Njombe, Rungwe na Siha wanaouza nje ya nchi hupanda zaidi Hass, na katika mwinuko wa Kasulu na Kibondo inakua bila tabu.

Fuerte ni chotara wa Meksiko na Guatemala. Vikonyo vyake vilipelekwa California mwaka 1911 kutoka Atlixco, Meksiko, na miti yake ikapona katika baridi kali ya mwaka 1913 iliyoangamiza aina nyingine nyingi. Hata hivyo kustahimili baridi na kuzaa kwenye baridi ni mambo mawili tofauti. Mti wa Fuerte unaweza kubaki na majani mabichi msimu mzima wa kipupwe, lakini maua yake yanashika vibaya ikiwa mchana haufiki nyuzi 20 na usiku unashuka chini ya 10. Kwa sababu hiyo Fuerte haifai kuwa zao kuu kwenye vilele vya Buha, ila inafaa sana kama mti wa kuchavusha Hass.

Miparachichi ya kienyeji iliyotokana na mbegu, inayoonekana kwenye migomba na mibuni ya nyumbani, ina faida yake. Imekwisha kuzoea udongo na hali ya hewa, na mbegu zake ndizo zinazofaa kuoteshea miche ya kubebeshea. Mbegu zichukuliwe kwenye miti ya huku juu yenye afya, si kwenye matunda makubwa yaliyopandishwa kutoka mwambao wa ziwa, kwa kuwa mengi ya matunda hayo ni ya jamii ya nchi za joto na mizizi yake haipendi udongo wa baridi.

Mahali pa shamba

Hewa ya baridi ni nzito, na usiku hutiririka kuelekea mabondeni kama maji. Shamba lililo kwenye mteremko wa wastani hupata nafuu, wakati la chini kabisa, karibu na kijito au mbuga, hukusanya baridi yote ya kilima. Ua au safu ya miti iliyofungamana upande wa chini wa shamba huizuia baridi hiyo isitoke, kwa hiyo iachiwe nafasi za kupita hewa. Upande wa juu na upande unaotoka upepo ndiko kunakofaa safu ya kukinga, mgrivea ukiwa mmoja wa miti inayotumika sana. Safu hiyo iwe umbali wa mita 8 au zaidi kutoka kwenye miparachichi ili mizizi isigombanie maji.

Bonde lina ubaya mwingine ulio mkubwa kuliko baridi, nao ni maji kutuama. Kuoza kwa mizizi, ugonjwa unaosababishwa na kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ndio unaoua miparachichi mingi zaidi duniani, na unaenea kwenye udongo uliolowa muda mrefu. Upimaji wa shamba ni rahisi. Huchimbwa shimo la sentimita 60, likajazwa maji jioni. Kama asubuhi maji bado yamo, mahali hapo hapafai, au mti upandwe juu ya tuta pana la nusu mita.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Kasulu hupitisha maji vizuri, lakini mara nyingi una tindikali na umeoshwa na mvua hadi kupoteza chokaa na madini mengine. Mparachichi unapenda kiwango cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Udongo ulio chini ya hapo huwekwa chokaa ya kilimo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Afisa ugani wa kata ndiye anayeweza kuelekeza upimaji na kiasi cha chokaa.

Kuandaa miche

Mti wa mbegu huchukua miaka 5 hadi 8 au zaidi kabla ya kuzaa, na matunda yake hayafanani na ya mama. Mche wa kubebesha huzaa mwaka wa 3 au wa 4. Anayenunua miche aitafute kwenye kitalu kinachotambuliwa na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na aikague mwenyewe: kiungo kiwe kimeshikana pande zote na kiwe juu ya udongo kwa sentimita 15 au zaidi, majani yawe mabichi, na mizizi isiwe imejiviringa chini ya kiriba.

Anayetaka kuotesha mwenyewe ajue kuwa mbegu ya parachichi haihifadhiki. Ikikaa zaidi ya wiki mbili au tatu baada ya kutoka kwenye tunda, nguvu yake huisha. Matunda ya mbegu hayaokotwi chini; yanachumwa mtini ili kuepuka vimelea vya udongoni. Mbegu husafishwa, ganda lake jembamba la kahawia huondolewa, kisha huzamishwa kwa nusu saa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50, huku kipimajoto kikitumika ili zisiive. Halafu hupandwa kwenye viriba virefu, upande bapa ukiwa chini na ncha ikichungulia juu ya udongo. Kwenye hali ya hewa ya Kibondo huchukua wiki 4 hadi 8 kuota, na baridi ikizidi huchelewa zaidi.

Mche unafaa kubebeshwa shina lake linapofikia unene wa penseli. Kikonyo hukatwa kwenye tawi la mwisho la mti unaozaa vizuri, kikiwa na urefu wa sentimita 8 hadi 12 na macho yaliyovimba lakini hayajafunguka. Majani huondolewa yote, na vijiti vya majani vikabaki. Mche hukatwa kichwa kwenye kimo cha sentimita 20 hivi, kisha shina hupasuliwa katikati kwa kina cha sentimita 3. Mguu wa kikonyo huchongwa pande mbili hadi uwe kabari ya urefu huohuo, kwa mikato mirefu isiyo na mawimbi. Kabari huingizwa kwenye mpasuko ili ganda la kikonyo likutane na ganda la mche walau upande mmoja, maana kinachoungana ni tabaka jembamba la kijani lililo chini ya ganda, wala si kiini cha mti. Kiungo hufungwa kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, na kikonyo hufunikwa kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kisinyauke. Kisu kifutwe kwa spiriti kila baada ya mche. Baada ya wiki 3 hadi 5 macho huchipua, mfuko huondolewa, na machipukizi yote yanayotoka chini ya kiungo hung'olewa.

Tangu mbegu kupandwa hadi mche kuwa tayari kwenda shambani, mwaka mzima unaweza kupita huku juu. Anayetaka kupanda Novemba ahesabu nyuma kuanzia hapo.

Kupanda

Mashimo huchimbwa Agosti au Septemba yakiwa na urefu, upana na kina cha sentimita 60, na kwenye ardhi ngumu sentimita 90. Udongo wa juu huwekwa upande mmoja na wa chini upande wa pili. Wakati wa kufukia, udongo wa juu huchanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa na kurudishwa kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa.

Nafasi ya mita 7 kwa 7 hutoa miti 82 hivi kwa ekari. Kwa mita 6 kwa 6 hupatikana miti 112, lakini matawi hugusana mapema na upogoaji huwa wa lazima. Kwa uchavushaji, kati ya kila miti 9 mmoja uwe Fuerte au aina nyingine inayochanua kwa ratiba kama yake. Uwiano huo hupatikana kwa kupanda Fuerte kwenye nafasi ya tatu ya kila mstari wa tatu.

Wakati mzuri ni Novemba hadi Desemba, ardhi ikiwa imelowa vya kutosha. Mche uliopandwa wakati huo hupata miezi mitano au sita ya mvua kuteremsha mizizi. Uliopandwa Machi au Aprili huingia kiangazi ukiwa na mizizi ya kiriba tu, na mingi ya namna hiyo hufa Agosti. Kiriba huchanwa bila kuvunja udongo wake, mche hukaa kwenye kimo kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, na kiungo hakifukiwi kamwe. Siku za mwanzo mche huwekewa kivuli cha makuti au nyasi upande wa magharibi. Mgomba ulio umbali wa mita 3 unafanya kazi hiyo vizuri kwa miaka miwili, kisha hupunguzwa.

Katikati ya mistari hupandwa maharage, zao ambalo Buha inalijua vizuri, au karanga. Nyanya na viazi mviringo viepukwe, kwa sababu vinashirikiana na mparachichi ugonjwa wa mnyauko. Mahindi na mihogo visiusogelee mti kwa chini ya mita moja na nusu.

Maji ya kiangazi

Mtendeli unaonyesha ugumu wa kupata maji ya kiangazi. Eneo hilo liko wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwa hapo ilifunguliwa tena mwaka 2016 na kufungwa mwaka 2021, na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta. Muda wote huo uhaba wa maji ulikuwa miongoni mwa shida zake kubwa. Mvua ya msimu inatosheleza mparachichi mkubwa katika eneo kama hilo, lakini mche hauwezi kuvuka miezi minne ya ukame kwa umande.

Mche wa mwaka wa kwanza unahitaji lita 20 hivi, yaani dumu moja, mara mbili kwa wiki. Mwenye miti 20 kwa hiyo anahitaji madumu 40 kila wiki, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua miche. Miti 10 iliyopata maji ina thamani zaidi kuliko 80 iliyokauka. Palipo na maji kidogo, chupa za plastiki zilizotobolewa vitundu kwenye kizibo huzikwa kichwa chini karibu na mizizi, zikidondosha maji polepole. Kumwagilia kufanyike asubuhi, kwani udongo uliolowa jioni hubaki baridi usiku kucha. Maji yaelekezwe kwenye beseni la udongo lililozunguka mti, na shina lenyewe libaki kavu.

Matandazo ya nyasi kavu yenye kina cha sentimita 10 hupunguza sana ukaukaji. Yasiguse shina, yaachwe umbali wa sentimita 20, maana mchwa wa ardhi ya miombo huingia kupitia hapo na kula ganda. Pindi vichuguu vya mchwa vinapoonekana, matandazo huondolewa kwa muda na jivu la kuni kunyunyizwa kuzunguka shina.

Maua na nyuki

Miparachichi mingi huchanua baridi inapoanza kulegea, na tofauti ya wiki kadhaa hutokea kati ya mwinuko mmoja na mwingine. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili. Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga, na kufunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume na kutoa chavua. Fuerte hufanya kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Ndiyo maana aina hizo mbili zikikaa pamoja hukamilishana. Baridi huvuruga ratiba hii. Asubuhi ya mawingu na ukungu ua la Hass huchelewa kufunguka hadi mchana, na hatua ya jike ya Fuerte huweza kusogea hadi usiku, au ikarukwa kabisa.

Kwa macho, hatua hizo hutofautishwa hivi: kwenye ua jike kijiti cheupe cha katikati kimesimama peke yake, na vijiti vyenye chavua vimelala kando, ilhali kwenye ua dume vijiti hivyo vimeinuka na kuonyesha unga wa manjano. Mkulima akikagua matawi saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku chache, atajua kama aina zake zinakutana.

Uchavushaji wenyewe hufanywa zaidi na nyuki, nao huruka kidogo sana hewa ikiwa chini ya nyuzi 13. Kibondo na Kakonko ni nchi ya asali, na mizinga ni jambo la kawaida. Miwili au mitatu kwa ekari, ikitazama jua la asubuhi na kukingwa upepo, inasaidia sana. Dawa za kuua wadudu zisipulizwe wakati wa maua.

Mbolea na kupogoa

Mwaka wa kwanza konzi moja ya CAN au NPK, ikigawanywa mara tatu wakati wa mvua, inatosha, na huongezwa kidogo kila mwaka. Samadi huwekwa debe moja au mawili mwanzoni mwa mvua, kwenye mduara ulio chini ya ncha za matawi. Naitrojeni isiwekwe baada ya Machi, kwa kuwa machipukizi laini yatakayotoka ndiyo yatakayopigwa na baridi ya Juni. Majani madogo yenye madoa ya manjano kati ya mishipa yanaonyesha upungufu wa zinki, na matunda yaliyopinda huashiria upungufu wa boroni.

Mche ukifika mita moja hukatwa ncha ili utoe matawi ya pembeni. Baada ya hapo matawi yaliyokufa, yanayopishana na yanayogusa ardhi huondolewa kila baada ya mavuno, na mti huzuiwa usizidi mita 5 hivi ili uvunike bila kupandwa. Matawi mazito yaliyobaki wazi kwa jua hupakwa chokaa ili ganda lisiungue.

Magonjwa na wadudu

Mti wenye mizizi inayooza huonyesha majani madogo ya kijani kilichopauka, ncha za matawi hukauka, na mizizi midogo huwa myeusi na kukatika inapoguswa. Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu: mifereji ya kutoa maji, miche safi, na majembe yaliyooshwa kabla ya kuhama shamba. Chule huanza na madoa meusi kwenye tunda na hushamiri mvua inapozidi; hupungua mti ukiwa wazi na matunda yaliyokauka yakiondolewa. Kwa nzi wa matunda na nondo wa matunda, yote yaliyoanguka hukusanywa kila wiki na kufukiwa kwa kina cha nusu mita, au kufungwa kwenye mfuko mweusi juani hadi viluwiluwi vife. Palipo na ulazima wa dawa, itumike tu iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Palipo na sakitu

Kasulu na Kibondo kwa kawaida hazipati sakitu, yaani umande ulioganda. Hali hiyo inajulikana Makete, Kitulo na baadhi ya sehemu za Njombe na Mufindi, na mwongozo huu utawafaa wakulima wa huko pia. Miche ya chini ya miaka mitatu hujengewa kibanda cha nyasi kilicho wazi upande wa mashariki. Usiku wa anga jeupe usio na upepo ndio wa hatari zaidi. Mchana wake udongo humwagiliwa na matandazo husogezwa kando, kwa sababu ardhi yenye unyevu iliyo wazi hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Mti uliopigwa usikatwe mapema. Matawi yanayoonekana yamekufa huachwa hadi machipukizi mapya yaonyeshe yaliyo hai yanaishia wapi.

Kuvuna

Parachichi halilainiki likiwa mtini. Hukomaa mtini, likaiva baada ya kuchumwa. Kwenye nchi ya joto Hass hukomaa miezi 6 hadi 8 baada ya maua. Kwenye baridi ya nyanda za juu huweza kufika miezi 10 au 12. Kalenda ya mkoa mwingine kwa hiyo haifai kuigwa. Ukomavu hupimwa kwa kuchuma matunda matatu ya ukubwa tofauti na kuyaweka ndani, mahali pasipo na jua, kwa siku 7 hadi 10. Yaliyokomaa hulainika sawasawa, ganda la mbegu huwa jembamba na la kahawia, na nyama huwa na ladha ya mafuta. Yaliyochanga hunyauka, hukunjamana, na kubaki kama mpira. Kama matatu yote yameiva vizuri, shamba linaweza kuvunwa. Likiwa moja tu, yavunwe makubwa pekee na kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili. Wanunuzi wa nje hupima kiasi cha vitu vikavu kwenye nyama ya tunda, na Hass hutakiwa kufika karibu asilimia 23 au 24.

Tunda hukatwa kwa mkasi, likabaki na kikonyo kifupi sana kisichotoboa jirani yake. Likinyofolewa, kidonda kilichobaki huwa mlango wa ukungu. Matunda ya juu huvunwa kwa ngoe yenye mfuko, na yaliyodondoka hayachanganywi na mazuri. Kreti za plastiki huwekwa kivulini na kusafirishwa siku hiyohiyo, kwa maana magunia hubonyeza matunda ya chini na madoa yake hujitokeza yanapoiva. Matunda yasiachwe mtini kupita msimu kwa kungoja bei, kwani mti uliobeba muda mrefu hutoa maua machache na mwaka unaofuata huzaa kidogo. Mavuno yakiisha, mti hupogolewa, huwekewa samadi, na mduara wake wa maji hutengenezwa upya kabla ya kiangazi kingine.